Jumamosi ya maktaba na bustani: mnawezaje na watoto wadogo?

Mama Nasra (Sinza)

Habari za jioni wanajukwaa. Naomba uzoefu wenu, hasa wazazi mlioko Dar.

Nina binti wa miaka saba, yuko darasa la pili, na mdogo wake wa kiume, miaka mitatu. Katikati ya wiki mimi na baba yao tunatoka giza na kurudi giza, watoto wanashinda na dada wa kazi na televisheni. Jumamosi ndiyo siku yangu nao, na kwa kweli mara nyingi inaishia kwenye jengo la maduka lenye michezo ya kulipia. Unakata tiketi ya gari la kuzunguka, mtoto anazunguka dakika mbili, anashuka analia anataka tena. Pesa imekwenda na hakuna alichopata.

Kuna na hili la kusoma. Nasra anasoma shule ya Kiingereza. Kiswahili anakimwaga vizuri tu, lakini kukisoma anakwepa, anasema maneno ni marefu mno. Nataka azoee kuazima vitabu, achague mwenyewe. Yule mdogo hana habari na kitabu, anataka kukimbia.

Ndipo nikawaza siku moja ibebe yote mawili: maktaba, halafu mahali penye miti na nafasi. Baba yao ananicheka. Kwake maktaba ni ya kijana wa kidato cha sita mwenye daftari zake na mtihani wiki ijayo. Na si yeye peke yake. Kuna maktaba moja, sitaitaja, mlinzi alitusimamisha mlangoni, akamwangalia Junior aliyekuwa mgongoni kwangu, akasema, "Mama, huyo si ataharibu utulivu humu?" Nikageuza, nikarudi zangu nyumbani.

Sasa nauliza. Unaanza na kipi, maktaba au bustani? Mtoto wa miaka mitatu ndani ya maktaba unamfanyaje? Na ni wapi hasa mjini, maana Coco Beach naipenda lakini na maktaba haviko njia moja.

Mzee wa Kona

Simu ipo, bando lipo, katuni zipo bure. Kujitafutia kazi tu Jumamosi.

Mama Nasra

Kaka, hiyo simu ndiyo ninayoikimbia.

BabaPacha (Magomeni)

Dada, salama? Mimi ni dereva wa bajaji, nina pacha wa kike, Kulwa na Doto, wana miaka sita. Mama yao ana genge la mbogamboga na Jumamosi ndiyo siku yake ya mauzo, kwa hiyo siku hiyo watoto ni wangu mpaka jua lizame. Kwa hiyo nisikilize mimi kabla hawajaja wenye magari yao kukuelekeza sehemu za kiingilio.

Bajaji naipaki nyumbani. Tunapanda basi la mwendokasi la Kivukoni pale Magomeni, wewe wa Sinza utapandia Shekilango, barabara ni ileile ya Morogoro. Toka mapema. Ukichelewa utasimama na mtoto begani mpaka mjini. Na angalia mawingu: masika, Jangwani ikishajaa maji barabara inafungwa, hapo tena hakuna cha maktaba wala bustani, kaangeni mihogo mtulie.

Sisi tunashuka kituo cha Posta ya Zamani. Hapo ni karibu na maji, watoto wanaangalia meli kidogo, halafu tunapanda juu taratibu mpaka bustani ya mimea, ile iliyo kwenye barabara za Samora na Shaaban Robert, jirani na Makumbusho ya Taifa. Watu wengi wa Dar wanapita nje yake kila siku na hawajawahi kuingia. Ile bustani ni ya tangu Wajerumani, 1893, walikuwa wakijaribia mazao ya biashara pale. Ina minazi ya kila aina, kuna na ule wa Shelisheli wenye mbegu kubwa kuliko mbegu ya mmea wowote duniani. Kuna mikrismasi ambayo Desemba inakuwa myekundu yote. Si mahali pa bembea na vitelezi, nikwambie kabisa. Ni miti, vivuli na njia za kutembea. Lakini mtoto wa mjini aliyelelewa uani kwa nyumba ya kupanga, mpe mti wenye mizizi iliyojitokeza, ataupanda na kuushuka mpaka wewe uchoke.

Wanacheza mpaka nguvu za asubuhi ziishe. HAPO ndipo tunakwenda maktaba. Mnashika Samora, mnafika kwenye Sanamu ya Askari, ile ya 1927. Kulwa anapenda kusoma maandishi ya chini kwa sauti, herufi moja moja, na watu wanampisha. Kisha mnapanda barabara ya Maktaba moja kwa moja mpaka barabara ya Bibi Titi, Maktaba Kuu hiyo mbele yenu. Mtoto aliyechoka akiingia kwenye kivuli na kiti, anakaa. Hutumii nguvu. Mkimaliza, kituo cha DIT hakiko mbali, mnapanda gari, nyumbani. Njia nzima hamrudii mlikopita.

Nikupe na sababu ya pili ya kuanza na bustani. Siku moja Doto alikuwa amekaa kwenye nyasi, kitumbua mkononi, hajakiuma hata mara moja. Kunguru akashuka nyuma yake, akatembea kwa miguu kama mtu anayekuja kuomba moto, akakinyakua. Hakuruka mbali, akakaa kwenye tawi pale pale juu na kukila huku anatuangalia. Mtoto alilia, halafu akakasirika, halafu akaanza maswali: kwa nini ana shingo ya kijivu, kwa nini ni wengi hivi, mama yao yuko wapi. Mimi najua barabara za Dar, kunguru siwajui. Tulipofika maktaba akaenda mwenyewe kaunta akamwambia yule mama, "Nataka kitabu cha kunguru mwizi." Wakamtafutia cha ndege, na yule mama akamweleza kwamba kunguru hawa si wa kwetu, asili yao India, waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili wasafishe taka, wakavuka mpaka huku. Mtoto wa miaka sita alitoka pale akiwa na kesi kamili dhidi ya kunguru. Angeanza na maktaba angeuliza nini? Hana swali bado.

Kwa hiyo bustani kwanza, dada yangu.

Mkutubi Mstaafu (Tanga)

Hamjaniamkia lakini marahaba.

BabaPacha, mwanangu, hadithi ya kunguru nimeipenda na huyo binti yako atafika mbali. Lakini ushauri wako ni wa mtu ambaye hajawahi kufuta kitabu. Mimi nimevifuta miaka mingi. Mtoto anatoka bustanini, amepanda mti, amechimba udongo, amekula ubuyu. Ubuyu! Mnajua rangi ya ubuyu inavyoingia kwenye karatasi? Kuna kitabu kimoja cha picha kilikuwa na fisi ukurasa wa katikati, na kila mtoto aliyekifungua alimwekea fisi kidole pale pale tumboni. Mwishowe fisi alikuwa na vidole vyekundu vingi kuliko madoa yake mwenyewe. Sabuni haitoi, kifutio hakitoi, ukisugua sana karatasi inachanika. Maktaba kwanza, mikono ikiwa imetoka nyumbani safi.

Mama Nasra, huyo mlinzi aliyekurudisha hakuajiriwa kupima umri wa watu. Huduma za maktaba nchi hii zimewekwa kwa sheria tangu 1963, na Mwalimu Nyerere aliifungua Maktaba Kuu tarehe 9 Desemba 1967, siku ya Uhuru, tena kwa makusudi, si bahati. Ina sehemu ya watoto. Ukifika kaunta usiulize "naruhusiwa?" Uliza, "Sehemu ya watoto iko wapi?" Unaona tofauti yake. Kisha ulizia kadi ya uanachama ya mtoto, ili vitabu mtoke navyo. Jumamosi hufungwa mapema kuliko siku za kazi, na hiyo ni sababu nyingine ya kuanza nayo.

Sasa huyo wa miaka mitatu. Wazazi wengi wanakosea kudhani kazi ya maktaba ni mtoto akae kimya asome. Mtoto wa umri huo hasomi, na kukaa kimya hawezi, hata mkubwa akijifanya hakumbuki alivyokuwa. Ndani ni pa kuchagua, nje ndiyo pa kusoma. Ingieni, mkae muda mfupi, kila mmoja achague kitabu chake, mkubwa chake, mdogo chake, na mama chako pia maana watoto huiga. Basi, tokeni kabla hajaanza kulia. Mkifika chini ya mti, hapo soma kwa sauti yako yote. Simba angurume, sungura acheke. Ndani ungeshindwa.

Mdogo mpe kazi. Abebe kadi. Aweke kitabu kaunta kigongwe muhuri, mtamwinua kidogo aone. Watoto wanaupenda ule mhuri kuliko kitabu. Lakini kitu kimoja msimfundishe: kurudisha vitabu kwenye rafu. Najua mnaona ndiyo adabu. Viacheni mezani, sisi tutavirudisha. Kitabu kilichochomekwa kwenye rafu isiyo yake kimepotea kabisa. Cha kuibiwa angalau unajua hakipo.

Mimi hapa Tanga nakwenda na wajukuu. Maktaba yetu ya mkoa ni ya miaka ya 1950, ilijengwa kwa ukumbusho wa Mfalme George wa 6, na ukitoka pale Bustani ya Jamhuri iko karibu, inaangalia bandari na kisiwa cha Toten. Mjukuu mmoja mbele ya baiskeli, mmoja nyuma, mimi nasukuma, sipandi tena. Tukikaa nasema, "Hadithi, hadithi!" na siku nyingi wanaojibu "Hadithi njoo!" ni wazee wa benchi la pili, wajukuu wangu wanabaki kucheka.

Kitabu kibebwe kimeviringishwa kwenye kanga, ndani ya kikapu. Mfuko wa plastiki umepigwa marufuku tangu Juni 2019 na hata ungekuwepo nisingekushauri, jua likipiga unatoa jasho ndani. Chupa ya maji isikae kikapu kimoja na kitabu. Hilo ni katazo, si ushauri.

BabaPacha (Magomeni)

Shikamoo bibi. Mikono nanawisha! Natembea na chupa ya maji na kipande cha sabuni, tunanawa bustanini kabla ya kuondoka. Na ubuyu wanangu hawali siku ya maktaba, wanakula kashata.

Mkutubi Mstaafu (Tanga)

Marahaba. Kashata inanata.

Jericho Kwetu (Nairobi)

Hamjambo majirani. Mimi ni baba wa mtoto mmoja, miaka minne, natoka Eastlands, na hii mada imenigusa.

Hapa Nairobi mtu akisema maktaba, watu hufikiria McMillan pale mjini, jengo la 1931 lenye nguzo kubwa na simba wawili wa mawe mlangoni. Mtoto wangu huwasalimia hao simba kila tukipita. Jengo lenyewe lina historia chungu, lilikuwa la wazungu peke yao hadi 1958. Bustani iliyo karibu ni Jeevanjee, dakika chache kwa miguu. Hiyo ni zawadi ya A. M. Jeevanjee kwa wakazi wa mji, 1906, na mwaka 1991 ilikuwa karibu kunyakuliwa iwe jengo la maduka na maegesho. Zarina Patel, mjukuu wa huyo mzee, akasimama na wenzake wakakataa. Mtoto wangu hajali hayo bado, lakini mimi humwambia.

Shida ya Jeevanjee ni wahubiri. Ukifika saa za mchana, upande huu kuna mhubiri ana spika, upande ule kuna mwingine, na katikati kuna duara la watu wanabishana siasa. Kusomea mtoto kitabu hapo, labda umsomee kitabu cha Ufunuo. Kwa hiyo sisi tuliachana na mjini. Tunaenda matawi ya Eastlands, Makadara au Kaloleni, ambayo yalikarabatiwa na shirika la Book Bunk. Kaloleni ndiyo naipenda zaidi. Mtaa ule ulijengwa miaka ya 1940 na nyumba zake zimezunguka viwanja vya wazi vyenye miti, kwa hivyo hakuna "kutoka maktaba kwenda park", unafungua mlango uko kwa nyasi. Mtoto anaingia, anatoka, anaingia tena. Hakuna kuchagua kipi kianze.

Ninachotaka kusema, Mama Nasra: kabla ya kwenda katikati ya mji, angalia kama kuna maktaba ndogo ya mtaa yenye uwanja. Hata ikiwa na rafu mbili. Mtoto wa miaka mitatu hamalizi rafu mbili.

Mama Nasra

Asanteni sana jamani. Bibi Mkutubi, shikamoo, na samahani kwa kuchelewa kukuamkia.

Nimecheka habari ya mlinzi. Wazo la kuchagua ndani na kusomea nje limenitua mzigo, maana mimi nilikuwa nawaza nitamfunga Junior mdomo kwa saa mbili.

Kaka wa Jericho, kwetu huku maktaba za mtaa zenye nyasi sijaziona, mwenye kujua aseme. Kuna mtu aliniambia Chuo Kikuu Mlimani, kuna maktaba kubwa mpya. Vipi hapo?

Msomaji wa Changanyikeni

Mama Nasra, maktaba ya Mlimani ni kweli kubwa, ilizinduliwa Novemba 2018, lakini ile ni ya wanachuo na watafiti, si ya kumpeleka mtoto akachague hadithi. Ila eneo lenyewe la chuo ni zuri kutembea jioni, miti imeshonana na tumbili wapo. Beba kitabu ulichokwisha kuazima mjini, mkasomee huko. Ndizi ificheni. Tumbili hasubiri uangalie pembeni kama kunguru, anakuja mbele ya macho yako.

Kuhusu binti kukwepa Kiswahili, mimi ni mwalimu wa madarasa ya chini na tatizo hilo nakutana nalo kila muhula. Mtoto wa shule ya Kiingereza amezoea kulikisia neno kwa kuliangalia umbo lake lote. Akikutana na "walipokaribishwa" anaganda. Mwambie asiliangalie lote. Alipige makofi: wa-li-po-ka-ri-bi-shwa. Ndani ya maktaba huwezi kupiga makofi, bustanini unaweza, na mdogo atajiunga hata kama hajui kinachoendelea. Anza na vitabu vyembamba vya picha ambavyo yeye anaviona ni vya watoto wadogo, lakini usimpe kama vyake. Mwambie amsomee Junior. Heshima yake inabaki palepale, na Kiswahili anakisoma bila kujua kwamba anafundishwa.

Halafu mimi sina upande kwenye ugomvi wa kipi kianze, ila nina hoja ya usafiri ambayo hamjaigusa. Saa za kurudi, mwendokasi linaanzia Kivukoni. Ukiwa Posta ya Zamani gari limetoka kituo kimoja tu nyuma, kiti unaweza kukipata, na ukitaka uhakika tembea mpaka Kivukoni penyewe. Ukiwa DIT, gari limeshapita Posta ya Zamani, Halmashauri na Kisutu, limejaa. Una mtoto wa miaka mitatu amelala mkononi, una kikapu, una binti amechoka. Utataka kiti.

BabaPacha (Magomeni)

Mwalimu umenivamia kwa nyuma. Kwa hoja ya kiti sina la kusema, kweli sisi kurudi tunasimama, ila Magomeni ni karibu. Wa Shekilango ana safari ndefu.

Lakini mkianza maktaba, bustanini mtafika jua limeshakuwa la utosini. Vivuli vipo, ila kutoka Sanamu ya Askari kwenda bustani Samora ile joto linatoka chini kwenye lami. Mtoto wa miaka mitatu kipande hicho utambeba. Kofia, na maji ya kutosha, chupa isiwe kwenye kikapu cha vitabu kabla bibi hajanigombeza.

Mkutubi Mstaafu (Tanga)

Nimeona, nimenyamaza.

Jua si tatizo kama mtaingia maktaba ikifunguliwa tu asubuhi. Msikae. Nimesema muda mfupi, na simaanishi saa nzima. Kabla saa nne haijafika mbali mnakuwa tayari mnateremka barabara ya Maktaba. Wanaochelewa ni wale wanaomngoja mtoto "amalize" kitabu. Kitabu atakimalizia nje au nyumbani, au hatakimaliza, atachagua kingine wiki ijayo. Mtoto ana haki ya kukiacha kitabu kibaya.

Mama Nasra

Basi nimeamua: nashuka DIT, maktaba kwanza, kisha Askari, bustani, na kurudi napandia Kivukoni. BabaPacha usikasirike, ni kiti tu kimenishinda.

Nimemsomea baba yao huu uzi wote. Amesema atakuja, ila yeye kazi yake itakuwa kumbeba Junior kwenye hiyo lami ya Samora, mambo ya kadi na mihuri nishughulike mwenyewe. Nimekubali, maana kumbeba ndiyo kazi kubwa.

Swali la mwisho, na naomba msinicheke. Choo?

BabaPacha (Magomeni)

Hakuna wa kukucheka dada, hilo ndilo swali la kwanza la mzazi. Watumieni choo cha maktaba kabla hamjatoka, wote wawili, hata anayesema hataki. Hasa anayesema hataki. Ukishafika bustanini akabanwa, itabidi ulipie mahali au urudi mjini naye mbio, na siku imeharibika.

Vitumbua msitoe mpaka mkae mgongo ukiwa kwenye shina la mti. Kunguru wa pale wanakuja kwa nyuma.

Mkutubi Mstaafu (Tanga)

Na mikono wanawe baada ya vitumbua, kabla ya kufungua kitabu. Nimemaliza.

Mzee wa Kona

Jamani, kadi ya mtoto inahitaji picha ndogo? Nauliza tu kwa ajili ya mjukuu wa jirani.

Mkutubi Mstaafu (Tanga)

Nenda naye na picha na kitambulisho chako, mzee mwenzangu, kaunta watakuambia. Na huyo mjukuu wa jirani mwambie mhuri atagonga mwenyewe, akiomba vizuri.